Gia ya Kwendea Ukweni

Mume wangu alivunjika goti kwenye josho la ng'ombe, fahali wa kaka yake alipombana kwenye nguzo. Plasta ilipotolewa, mguu ulitoka umenyooka kama mchi na haukutaka kukunjika. Alikuwa akikaa sebuleni mguu umechomoza mbele yake, na kila aliyepita alijikwaa. Mimi nilijikwaa kuliko wote, maana sijawahi kutembea polepole ndani ya nyumba. Nilikuwa na cherehani yangu barazani, pale Ifakara, nyuma ya soko, na katika miezi ile ya miaka ya tisini nilishona vibaya kuliko nilivyopata kushona maishani. Niliinuka kabla mshono haujaisha, nikaenda kumtazama mgonjwa asiyetaka kutazamwa, nikarudi, nikainuka tena.

Goti peke yake lisingenitoa jasho hivyo. Aliyenitoa jasho ni mama yangu.

Mama alikuwa mjane, anaishi Namawala, anafinyanga vyungu na kulima mpunga wake. Kwetu mwanamume hamsalimii mama mkwe huku amesimama. Akimwona anapunguza mwendo, akimkaribia anachuchumaa na kutazama chini, ndipo anatoa shikamoo yake. Mume wangu ni Msukuma, mtoto wa watu waliohamia bondeni na ng'ombe wao kutoka upande wa Ziwa, na jambo hilo kwao wamelikaza kuliko sisi. Tulipooana majirani walisema Msukuma atamdharau mama yetu, kama ng'ombe wao walivyoidharau mipunga yetu. Basi yeye akawa anachuchumaa mapema kuliko wakwe wote wa kijiji kile, anaanza tangu kwenye kona ya uwanja, na mama akawa anatamba kisimani. "Mkwe wangu ana goti jepesi," aliwaambia wenzake. Sasa mnaelewa nilikuwa na kazi gani.

"Siendi Namawala mpaka likunjike," mume wangu alisema siku plasta ilipotoka.

"Nitamweleza mama. Ataelewa."

"Utamweleza nini? Kwamba mkwewe anakuja kumsimamia kama mlingoti wa bendera? Na usimpelekee habari za goti langu. Mama mkwe haletewi habari za mwili wa mkwewe."

Nikamwambia hiyo ni akili ya ng'ombe. Akasema ng'ombe ndiye aliyeyaanzisha yote, niende nikamwulize yeye. Tulikuwa tukizungumza hivyo kutwa nzima, tukipishana mlangoni, yeye na mkongojo wake, mimi na futi kamba shingoni.

Mama alijua kwamba mkwewe amevunjika mguu. Alituma kuku, alituma mchele, lakini yeye mwenyewe kuja hakuweza, kwa sababu mama mkwe haingii alikolazwa mkwe wake. Alichofanya ni kusubiri plasta itoke. Kama watu wengi, aliamini kwamba plasta ikitoka, mguu umepona.

Hospitalini kulikuwa na dada wa mazoezi ya viungo, mtu wa maneno machache na viganja vizito. Alilikunja goti lile kidogo, mume wangu akatazama dari, kisha dada akanivuta pembeni. "Likiikuta masika liko hivi, litabaki hivi," alisema. Alitufundisha mazoezi ya kitandani. Mume wangu aliyafanya mbele yake na kuyaacha pale pale mlangoni kwake, akidai mtu mzima halali chali akirusha miguu kama mtoto mchanga. Tuliporudi hali ikiwa ile ile, dada akauliza mgonjwa anapenda kufanya nini. Nikajibu mimi. "Baiskeli."

"Basi apande baiskeli," dada akasema.

Baiskeli yenyewe haikuwa ya kubebea mpunga. Ilikuwa ya mashindano. Mtafiti mmoja wa mbu, ambaye mume wangu alikuwa akimsafirishia vizimba vya mbu kutoka Namawala mpaka Ifakara, alimwachia aliporudi kwao Ulaya. Usukani wake ulijikunja chini kama pembe za kondoo dume, tairi zake nyembamba, haina keria, haina madigadi, haina kengele. Ukiniuliza mimi, ilikuwa baiskeli ya mtu asiye na mzigo wala mke. Kiangazi mume wangu alikuwa akiipanda mpaka Sanje, anautazama mlima, anakunywa maji, anageuza. Nilikuwa namwuliza, "Ulikwenda kufanya nini?" Ananijibu, "Kuendesha." Nilikuwa nakereka, lakini moyoni nilimwelewa kabisa. Na mimi miguu yangu haipendi kukaa.

Tuliining'iniza kwa kamba kwenye boriti ya jikoni, gurudumu la nyuma likielea, akawa anapanda kwa msaada wangu na kuibembeleza pedeli mbele na nyuma. Ilifika mahali ikagoma. Kesho yake iligoma mbele kidogo ya pale. Jirani yetu alitufariji kwamba bandu bandu huisha gogo, nami nikamjibu kwamba gogo letu linapiga kelele. Nilipika nikiwa nasikia pumzi zake nyuma yangu, na mara nyingi niliunguza mboga. Kisha siku moja pedeli ikapanda, ikapita juu, ikashuka upande wa pili. Mume wangu akapiga ukelele kama mtu aliyeona swala. Mimi nilikuwa barazani na gauni la mteja mkononi, nikakimbilia ndani nalo, uzi ukininasa mguuni, cherehani nusura ianguke.

Baada ya hapo akatoka barabarani, na hapo ndipo gia zilipoingia katika maisha yangu. Mbele, baiskeli ile ilikuwa na duara mbili zenye meno, kubwa na ndogo, zimefungwa pamoja kwenye kranki, ule mkono unaoshika pedeli. Mafundi waliziita gia za mbele. Mimi niliziita sahani, na mpaka leo naziita hivyo. Kadiri sahani ya mbele inavyokuwa ndogo, ndivyo mguu unavyosukuma kitu chepesi. Lakini ile ndogo yake bado ilikuwa kubwa, ina meno arobaini na mawili, imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mapaja mawili mazima na barabara ya lami. Sisi tulikuwa na mchanga na goti moja. Alifika mwisho wa mtaa, akarudi anachechemea ameishika mkononi, na jioni goti lilikuwa limevimba kama papai.

"Mzigo mzito," dada wa mazoezi alisema. "Mtafutie kitu chepesi, azungushe haraka bila kusukuma. Na msikae sana."

Msikae sana. Kana kwamba kuna mtu alikuwa amekaa.

Nilimwendea fundi wetu wa baiskeli pale stendi. Alikuwa mtu mwema, anayependa kazi ngumu kuliko ile inayomlisha. Alichomoa sahani ndogo kwenye baiskeli mbovu ya Kichina, akaipandishia cheni yetu kwanza, kuona kama zitapatana. Hazikupatana. Meno ya Kichina yalikuwa manene, cheni yetu nyembamba ikapanda juu ya meno na kukaa hapo kama kuku kwenye dari. Isitoshe, sahani ile ilikuwa imeshikana na kranki yake, na kranki yake haikuingia kwenye ekseli yetu. "Kila kitu cha baiskeli hii kinataka ndugu yake wa damu," fundi alisema. Kisha akainama kutazama bolti tano zilizoshika sahani zetu, akaguna. Vichwa vyake vilikuwa na shimo la pembe sita, vikitaka ufunguo wa L, na ufunguo huo ulikuwa umepanda ndege na mwenye baiskeli.

Akaniambia kuna muuzaji wa vipuri vya mtumba kwenye mji wa kiwanda cha sukari, kupita Sanje. Wafanyakazi wa kule wametoka mikoa yote, kila mmoja kaja na aina yake ya baiskeli, na zikifa zinaishia kwenye magunia ya mtu huyo. "Ila umpelekee kipimo cha matundu. Matundu yakikataa, hata ukilia haifungi."

Mimi ni mshonaji. Nimepima vifua vya kila namna, nikadhani kipimo cha sahani ni mchezo. Nikavuta futi kamba. Matundu yalikuwa matano, na katika matano tundu halitazamani na tundu. Ukitoka hili kunyoosha upande wa pili unakuta chuma kitupu. Nilijaribu kuchora kwenye gamba la pakiti ya sigara, mkono wa kranki ukanizuia na grisi ikaharibu mchoro. Nikasimama pale stendi na mikono myeusi, nina hasira ya kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga hayupo. Ndipo nikakumbuka kwamba nimezaliwa na mfinyanzi. Udongo unaingia popote, unazunguka chochote, unatoka na sura yake.

Nikaenda Namawala kuomba udongo. Nilimkuta mama anakanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaendelea kukanda. Nikangoja aulize habari za nyumbani, hakuuliza. Mwishowe akasema, "Nasikia mkwe wangu anaendesha baiskeli huko mjini."

"Anajaribu, mama."

"Anajaribu mjini. Huku hajaribu." Akaupiga udongo kwa kiganja. "Watu wamemwona, wakaja kuniambia kwa furaha, mkweo amepona. Nikasema asante. Labda mguu umepona, kilichovunjika ni heshima."

Nilitaka kumwambia yote, goti, boriti, mlingoti wa bendera. Lakini mume wangu alikuwa ameniapisha ninyamaze, nami kijinga nikaapa, na mama naye alikuwa amegeuza uso. Nikasema nimekuja kuomba udongo.

"Udongo wa nini, wewe uliyeukimbia?"

"Wa kupimia. Kuna chuma cha baiskeli nakitafutia mwenzake."

Alijua baiskeli ni ya nani. Kisha akaenda kwenye mtungi wa nyuma na kunikatia ule udongo wake laini, aliouchuja mwenyewe, ambao hakuwa anaugusa mpaka apate oda ya mitungi ya harusi. Akaufunga kwenye jani la mgomba. "Ukipima, ongeza nusu ya kidole pembeni kote. Udongo hunywea ukikauka. Usije ukaniaibisha na vipimo vyako vya mjini." Afadhali angeninyima. Nilirudi njia nzima nimeukumbata ule udongo, nalia bila kusimama.

Nyumbani niliukandamiza kwenye zile bolti, nikapata alama zake tano safi kabisa. Nikatandaza bonge jingine, nikazihamishia alama huko, na kila moja nikaisogeza nje nusu ya kidole kama nilivyofunzwa. Nikakausha kivulini, chini ya kitanda, jua lisije likalipasua. Kisha nikampa dereva wa lori la mpunga, na maagizo ya mdomo: sahani ndogo, meno membamba, matundu kama haya, na ufunguo wa L.

Sijui kusubiri. Watu hujifunza kusubiri, wengine huzaliwa nako, mimi nilipitwa. Kila honi ya lori ilinitoa kwenye cherehani. Nilifagia uwanja mara mbili kwa asubuhi moja. Mume wangu alirudi kwenye boriti ya jikoni, akizungusha pedeli hewani bila kwenda popote, na alizidi kuwa mkali. Mawingu yalianza kukaa juu ya milima ya Udzungwa kila alasiri, bado meupe, lakini yalikuwa yamefika.

Sahani ikaja. Ilikuwa nzuri, inang'aa, meno membamba, na ufunguo umefungwa nayo kwa mpira. Fundi alizifungua bolti zetu huku anaimba. Akaiweka sahani mahali pake, wimbo ukakatika. Matundu yake yalikuwa nje ya matundu yetu. Tuliizungusha, tukaigeuza kichwa chini, tukajaribu kwa kuanzia tundu lingine kana kwamba moja lingetuonea huruma. Imezidi.

Mume wangu hakugomba. Alisema, "Basi." Akachukua mkongojo, akaenda kukaa kitandani, akatazama ukuta. Nilizoea kelele zake. Hiyo "basi" yake ilinitia hofu ambayo fahali hakunitia.

Sikulala vizuri, na kulipokucha nilipanda lori la kwanza. Kwenye kitenge nilifunga sahani iliyozidi, na pamoja nayo ile kubwa yetu. Maana bolti zilipofunguka niliona jambo la kunichekesha kama ningekuwa na moyo wa kucheka. Sahani kubwa, ambayo hakuna aliyeihitaji, ilikuwa na matundu yale yale ya ndogo. Kipimo kamili tulikuwa nacho siku zote, tulichokosa ni ufunguo.

Muuzaji alikuwa mnene, mcheshi, ameketi katikati ya magunia ya vyuma. "Karibu mama," akaanza. Nikaibwaga sahani yake mbele yake.

"Ulipewa kipimo. Mbona ukaleta hiki?"

Hakukasirika. Alifikia rafuni, akakitoa kipimo changu cha udongo, bado kizima, amekihifadhi kwenye gazeti. "Kipimo nilikifuata, mama. Tena sikukifuata hivi hivi. Niliongeza kidogo, maana udongo hunywea ukikauka. Mama yangu mzazi mfinyanzi, Malinyi huko. Huwezi kunidanganya kwa udongo."

"Uliongeza?"

"Niliongeza."

"Na mimi niliongeza!"

Tukatazamana. Angekuwa mtu wa Dar angeichukua alama kama ilivyo na sahani ingeingia. Mimi ningekuwa mtoto wa mwashi, tungepona vilevile. Lakini bonde zima hili limelelewa na akina mama wenye udongo viganjani, na kila mmoja wetu alikuwa amemhurumia mwenzake nusu ya kidole. Alianza yeye kucheka, tumbo likitikisa magunia. Mimi nilicheka kwa hasira, kisha nikacheka tu.

Akamwaga gunia. Nikapiga magoti chini na sahani yangu kubwa, nikawa naweka tundu juu ya tundu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mfuniko wa sufuria. Nyingi zilikataa. Moja iliingia vizuri, nikashangilia, muuzaji akanionyesha meno yake: manene, cheni ingelia. Nyingine ilikuwa na meno membamba lakini yamelika, yamechongoka kama ya papa, ingekula cheni mpya kwa mwezi. Alinifundisha kupitisha kidole kwenye jino, kusikia kama lina mabega bado. Nilianza kupenda kazi ile, na nikajishangaa. Mwishowe zikabaki mbili, zote matundu yameitika, zote meno membamba na mazima. Moja ilikuwa na meno thelathini na manane, nyingine thelathini na manne.

Mume wangu alikuwa amekwisha kuniambia, zamani, kabla ya ile "basi" yake: "Usishuke sana chini ya arobaini. Huko chini ni za watoto." Niliishika ile ya thelathini na manane, yenye heshima zake, nikaiweka chini. Nikachukua ndogo.

"Hiyo ukiiweka pamoja na hiyo kubwa yako, cheni italegea na kuburuza," muuzaji alisema. "Kubwa iondoe kabisa, ibaki hii moja. Ila bolti zitakuwa ndefu, zitazunguka bure bila kubana. Weka washa hizi, pete za chuma za kujazia nafasi. Na cheni mwipunguze vipande kadhaa." Akanijazia washa kiganjani.

Fundi alifunga kila kitu jioni ile ile. Mume wangu alitoka na mkongojo wake, akainama kadiri goti lilivyoruhusu, akayahesabu meno kimya kimya, midomo ikicheza.

"Umeniletea kisahani cha chai," alisema.

"Kunywa," nikamjibu.

Asubuhi alipanda. Sijapata kuona mwendo wa kuchekesha kama ule. Miguu ilizunguka kama ya mtu anayekimbizwa na nyuki, baiskeli yenyewe inatambaa. Watoto wa mtaa walimpita kwa miguu, wakageuka kumsubiri. Mama mmoja muuza vitumbua alimwuliza, "Baba, unasaga nini hapo?" Mume wangu, ambaye zamani alikuwa akipita pale kama upepo, alikaza macho mbele. Nilidhani atashuka. Alipofika mwisho wa mtaa akageuza, akampita tena yule mama, akamjibu, "Nasaga goti." Jioni niliushika mguu wake kabla hajaketi. Haukuvimba.

Tangu hapo alitoka kila kulipokucha, na kila siku alifika mbali zaidi: stendi, kisha reli, kisha njia ya kwenda kivukoni. Nilimfuata kwa macho, nikichoma sindano pasipofaa. Nyuma ya nyumba alijipima kuchuchumaa, ameshika mhimili wa mlango. Mguu mzima ulishuka, mbovu ukafuata, ukafuata, ukagoma. Pakabaki nafasi ya kigoda kati yake na visigino vyake. Nafasi hiyo ikakataa kupungua, na mawingu ya Udzungwa yakawa meusi.

"Twende," alisema asubuhi moja, amekwisha kuvaa shati la kanisani.

"Bado halijafika chini."

"Nikingoja lifike chini, mama atakuwa amekwisha kunizika moyoni mwake. Twende kabla sijabadilika."

Tulikuwa na mtoto mmoja mdogo, nikamwacha kwa jirani. Nikaazima baiskeli ya Kichina, nikafunga sukari na kitenge cha mama kwenye keria, tukatoka. Njia ya Namawala ilikuwa kavu bado, mabua ya mpunga pande zote na ng'ombe ndani yake. Baiskeli yangu nzito ilimwacha, nikasimama, nikangoja, nikashindwa kungoja, nikarudi kumfuata. Yeye alizungusha tu, haraka, bila kusukuma, kama dada alivyosema. Niliogopa. Nilifikiri, akisimama mbele ya mama nusu nusu, mama atasema nini, na akishayasema, nani atayarudisha?

Mama alikuwa uwanjani, amekaa chini miguu ameinyoosha, chungu kibichi mapajani. Mume wangu alishuka mbali, akanikabidhi baiskeli yake. Alitembea. Kwenye kona ya uwanja akapunguza mwendo, pale pale pa zamani, akatazama chini, akaanza kushuka. Mguu mzima ukakunjika. Mbovu ukafuata. Ukafika mahali pake, ukagoma. Akabaki hapo, kiganja kimoja kwenye paja, hawezi kwenda chini, hawezi kupanda, jasho linamdondoka puani. Hakuinua macho.

"Shikamoo mayu," alisema. Ndivyo kwao wanavyomwita mama.

Mama hakuitikia. Nilimwona anamtazama usoni, kisha goti, kisha macho yakabaki kwenye goti. Nilimwona anaelewa, miezi yote ile kwa mara moja. Akakisogeza chungu pembeni. Akaweka kiganja chenye udongo ukutani, akaanza kuinuka, yeye ambaye nyonga zake siku hizo zilimtaka ashikwe kila upande, yeye ambaye hakuna mila inayomtaka amwinukie mkwe.

"Simama, mwanangu," alisema.

"Usiinuke, mayu. Bado sijafika chini."

"Na mimi bado sijafika juu."

Wakabaki hivyo, mmoja anashuka, mmoja anapanda, wote wawili wamekwama katikati wanatetemeka, na hakuna aliyekubali kuacha kwanza. Mimi nilikuwa nimeshika baiskeli mbili, moja kila mkono. Nikaziachia zote zikaanguka mchangani, nikakimbia, na hata nilipofika kati yao sikujua nianze kumshika nani.